Kadi ya picha (GPU) na monita kwa gemu za 1440p au 4K, nina 3.2M, nisaidieni kabla sijaliwa hela

Kijana wa Tegeta

Wakuu habari za jioni, kama kichwa cha habari kinavyojieleza. Nina mashine yangu niliiunga mwenyewe 2020, Ryzen 5 3600, mazabodi B450, ramu 16, kadi GTX 1660 Super ya VRAM (memori ya kwenye kadi yenyewe) GB 6, pawa saplai 550W, na monita ya inchi 24 ya 1080p 75Hz (yaani kioo kinabadilisha picha mara 75 kwa sekunde). Imenifaa siwezi kuikana, Red Dead 2 nimeimaliza nayo mara mbili. Ila juzi nimeenda kwa mshikaji wangu Sinza ana inchi 32 ya 4K, kasimamisha farasi porini nikaangalia majani naona mpaka mishipa ya jani, nimerudi nyumbani nawasha yangu naona kama naangalia gemu kupitia chandarua.

Sasa nimejichanga nimefika 3.2M na siongezi hata mia maana wife ameshaanza kuulizia kibubu. Kuna jamaa Kariakoo ananipa RTX 3080 ya 10GB mtumba kwa 1.3M, anasema imetoka Ulaya ilikuwa ya ofisini (sijui ofisi gani inatumia 3080 lakini haya), nikiongeza monita ya 4K 60Hz nabaki na chenji nzuri tu. Duka jingine wana RTX 5060 Ti mpya kwenye boksi, ya 8GB. Halafu dogo mmoja wa mtaani kanishauri nichukue kadi mbili za bei ndogo nizifunge pamoja eti nguvu inajumlishwa.

Nacheza FC ya mpira, Red Dead, Cyberpunk, Forza Horizon 5 na usiku kidogo Valorant na madogo. Umeme wetu ndio huo huo mnaujua. Natanguliza shukrani, na anayekuja kuniambia ninunue PS5 apite kimya kimya.

Kibuyu cha Asali

Ngoja waje wataalamu. Mi nimekaa paleee na karanga zangu.

MzeeWaFreimu

Dogo kaa chini tuongee. Unaanza na kadi, hapo ndio wengi wanapotea. Anza na monita. Kadi utaiuza baada ya miaka mitatu minne uchukue nyingine, monita utakaa nayo mpaka mtoto aanze shule, na monita ndio inayoipangia kadi kazi kila siku ya Mungu. Hesabu ni hii, 1080p yako ina pikseli milioni 2 na kitu, 1440p ina kama milioni 3.7, 4K ni milioni 8.3. Yaani 4K ni 1080p nne umezipanga kama vigae. Kadi inatakiwa ipake rangi vigae vyote hivyo mara 60 kwa sekunde, na ukitaka 120 ndio mara 120, sasa wewe na hiyo bajeti unataka kuoa binti wa sultani wakati mahari yako ni mbuzi wawili.

Chukua inchi 27 ya 1440p, paneli (aina ya kioo) iwe IPS, 165Hz au 180Hz. Kwenye inchi 24 yako kila inchi ina pikseli kama 92, kwenye 27 ya 1440p zinakuwa 109, hiyo chandarua unayoisema inaondoka. 4K ya inchi 32 inafika 138 hivi, ni kweli ni kali zaidi sitakudanganya, lakini ya kwako ni ya 60Hz, kila picha inakaa milisekunde 16 na ushee ndio ije nyingine. 165Hz ni milisekunde 6. Kwenye Valorant na FC utajua tofauti ndani ya dakika mbili, hata ukisogeza mshale tu unaona unateleza. Na 27 ya 1080p usiiguse hata ukipewa bure, hiyo ni chandarua umeitanua.

Kadi sasa. Ile 5060 Ti ya 8GB iache dukani. Gemu za siku hizi ukiweka tekscha (zile picha za ngozi ya vitu) za juu kwenye 1440p VRAM 8 inajaa, ikijaa mzigo unamwagikia kwenye ramu ya kawaida kupitia mazabodi, na kadi ile inatumia njia 8 tu za PCIe (mlango wa kadi kwenye mazabodi) badala ya 16, B450 yako ni PCIe 3 kwa hiyo hata mlango wenyewe mwembamba. Utaona kaunta inakuandikia freimu (picha) 90 kwa sekunde ila mkono unahisi gemu linakwamakwama, kila ukigeuka kona linasita. Ipo ndugu yake ya 16GB, hiyo sawa, ila muulize muuzaji vizuri maana boksi zinafanana na wauza duka wengine kwao zote ni 5060 Ti tu.

Hela yako ikiruhusu RX 9070, hiyo ina 16GB na inakula 220W tu. RTX 5070 nayo nzuri, DLSS yake ya kukuza picha tamu, ila ina 12GB. Ukitaka kubaki na chenji chukua RX 9060 XT ya 16GB, narudia YA 16 maana na hiyo ina mdogo wake wa 8, halafu chenji weka kwenye Ryzen 7 5700X, inakaa hapo hapo kwenye B450 ukishasasisha BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi. 3600 yako ilikuwa mtu wa maana enzi zake ila itaizuia kadi yoyote ya leo.

Kadi mbili, huyo dogo mpe soda aende akalale. Hayo mambo yalishazikwa. Kwa GeForce 3090 na 3090 Ti ndio zilikuwa za mwisho kuwa na daraja la kuziunganisha, 4090 ilipotoka 2022 halipo tena, na gemu mpya hazitengenezwi kwa ajili hiyo. Hata enzi zile 8 na 8 haikuwa 16, kila kadi ilikuwa inabeba mzigo ule ule kichwani mwake.

Bingwa wa Kiti cha Nyuma

Mzee heshima yako ila hapa nakupinga kidogo. Mimi nina 4070 Super na monita ya 4K inchi 32 mwaka wa pili huu, silii. Siku hizi nani anacheza 4K kavu? Unawasha DLSS Quality, kadi ndani inachora 1440p halafu inaikuza mpaka 4K, ukiweka Performance inachora 1080p kabisa, na ukiwa umekaa kwenye kiti huoni tofauti mpaka uende kulamba kioo. Red Dead naiendesha na padi mkononi miguu juu ya meza, raha tupu. Na maandishi ya kazini asubuhi yako kama yamechapwa kwenye gazeti. Dogo ameshaonja majani ya 4K huko Sinza, hata ukimpa 1440p moyo utabaki Sinza.

MzeeWaFreimu

Bingwa sikatai, na angekuwa anacheza Red Dead tu na padi ningemwambia 4K twende. Ila wewe una 4070 Super, 12GB, yeye anaongelea 3080 ya 10GB ambayo haina hata freimu jenereshen ya DLSS (kadi kubuni freimu za katikati), hiyo ilianzia na kadi za RTX 40. Na kule kukuza picha sio bure, 4K ya DLSS Quality inakula zaidi ya 1440p ya kawaida ingawa ndani pikseli ni zile zile, tekscha bado zinapakiwa kwa ukubwa wa 4K na VRAM inajaa. Halafu wewe nimekusoma huchezi Valorant. Huyu ana madogo wanamsubiri usiku wamfumue.

Mama Pacha

Mdogo wangu wa Tegeta, hiyo 3080 ya "ofisini" nenda nayo taratibu. Mimi nilinunua ya hivyo hivyo, maneno yale yale, sema yangu ilikuwa imetoka kwa "mwanafunzi aliyerudi kwao". Nimeifunga nyumbani siku ya kwanza safi, ya pili safi, wiki ya pili nipo kwenye Cyberpunk naona vitone vya kijani kama punje za mchele kwenye kona ya kioo, nikasema labda ni mvua ya kwenye gemu. Kesho yake vitone vimejaa hadi kwenye deski topu. Muuzaji simu inaita haipokelewi.

Nilikuja kuambiwa baadaye na fundi alipoifungua, pedi za joto kwenye memori zimekauka zinameguka kama maandazi ya juzi, mafuta yametambaa kwenye bodi. Kadi nyingi za kizazi hicho zilikuwa migodini zinachimba Ethereum (sarafu ya mtandaoni) usiku na mchana, Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha utaratibu wake, uchimbaji wake kwa GPU ukafa siku ile ile, na kadi zote zile zikamwagwa sokoni. Sio kwamba ya mgodini lazima iwe mbovu, kuna walizozitunza, ila huwezi kujua kwa macho.

Ukienda, nenda na flashi yako yenye GPU-Z ya kusoma joto na FurMark ya kuibana kadi, mwambie aifunge kwenye mashine mbele yako na uikaangie dakika ishirini. Usiangalie joto la juu juu lile, tafuta la memori, memori ya GDDR6X ya 3080 ikigonga digrii 110 inajipunguza kasi yenyewe kujiokoa, ikifika mia na kidogo kwa dakika ishirini dukani penye feni, kwako Tegeta mchana mwezi wa pili itakuwaje? Chungulia na skrubu, kama stika imetobolewa au skrubu zimechubuka mtu ameshapita humo. Na angalia bati la nyuma pale unapochomeka waya, likiwa na kutu ujue imekaa kwenye unyevu muda mrefu.

Akikataa kuijaribu, shika pochi yako upande daladala.

Fundi Waya

Wote mmesahau umeme. 3080 inakula 320W peke yake, na inarusha mateke, kuna sekunde inapanda juu zaidi ya hapo, kwa pawa saplai ya 550 mashine itazima katikati ya gemu ghafla kama imepigwa kofi, na wewe utadhani ni TANESCO. Kwa hiyo hiyo 1.3M sio 1.3M, ongeza na pawa saplai ya 750.

Tupige hesabu ya LUKU. Mashine nzima na monita tuseme 500W ukiwa na 3080, masaa manne kila usiku ni uniti 2, mwezi uniti 60. Ukiwa na kadi ya 160W kama 9060 XT ya 16GB mzigo wote unashuka mpaka kama 300, hapo ni uniti 36. Tofauti unaiona mwenyewe, na kama feni ya chumbani ndio AC yako basi 500W ni kama kuweka pasi ya moto chini ya meza.

UPS zile ndogo zilizoandikwa 650VA watu wanadhani ni wati 650, sio, ni kama 360 tu. Na za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi, pawa saplai nyingine nzuri haziupendi, umeme unakatika UPS inalia pii na mashine inazima vile vile. Kama huna hela ya UPS ya maana nunua gadi, ile ya friji, umeme ukirudi inausubirisha kwanza dakika kadhaa utulie ndio inaupitisha. Umeme ukirudi na kishindo ndio unaoua vitu, kukatika tu hakujawahi kuniharibia kitu.

Msee wa Juja

Niaje watu wa Bongo, naona hakuna mtu ameongea kuhusu paneli. Mimi hapa Kenya nilinunua VA ya inchi 32, ile imepinda, bei ilikuwa tamu sana nikajua nimewini. Mchana ni poa, nyeusi yake ni nyeusi kweli kuliko IPS. Sasa cheza usiku kwenye gemu lenye giza, ukigeuza kamera haraka unaona vitu vyeusi vinaacha mkia nyuma kama wino umemwagika. Ukishaiona mara moja huwezi kuacha kuiona, mpaka nikaanza kuota nayo. Kuna VA za bei ya juu ziko sawa lakini hizi za bei rahisi aah. IPS nayo ukizima taa kona zinawaka waka kidogo, lakini hiyo unaizoea.

OLED ni mwisho wa maneno kwa rangi, lakini kama unafanyia kazi hapo hapo na ile baa ya chini ya Windows inakaa masaa nane haitingiki, itachoreka kwa kioo pole pole. Na usiogope kuandikwa FreeSync (ile ya kuoanisha kioo na freimu za kadi) kama una kadi ya Nvidia, tangu Januari 2019 walikubali kufanya kazi na monita hizo, kuanzia kadi za GTX 10 kuja juu.

Kabla hujalipa washa monita dukani, weka picha nyeusi tupu kisha nyeupe tupu, tafuta nukta iliyokufa. Wataudhika, waache waudhike.

Mpemba wa Deira

Assalam alaykum. Kama una mtu wako huku Dubai anakuja likizo, kadi mwambie akaiangalie Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta pale barabara ya Khalid bin Al Waleed, aitie kwenye begi la mkononi. Monita wacha, nunua huko huko. Mie nshawahi kumpelekea kaka yangu monita kwa kago, boksi limefika zima halina hata mkunjo, kufungua kioo kina ufa wa mstari mmoja tu kutoka pembe hadi pembe. Na warantii ya huku ukishafika nayo huko ni karatasi tu.

Kijana wa Tegeta

Wakuu asanteni sana, mmenifungua macho. Leo nimeenda kwa yule jamaa na flashi kama Mama Pacha alivyosema. Kwanza kanuna, baadaye kakubali. Dakika ya 12 memori imefika 108 na feni zinapiga kelele kama jenereta ya saluni, namuonyesha ananiambia "hilo ni joto la Dar tu kaka". Nimemuaga kwa heshima.

RX 9070 nimeipata sehemu moja tu na nikiongeza monita hela inaisha kabisa, prosesa nabaki na ile ile. Nimeangukia 9060 XT ya 16GB, nimesoma boksi mara tatu, na monita inchi 27 1440p IPS 180Hz, na 5700X. Pawa saplai nimebaki na 550 yangu. Kuna chenji imerudi kwenye kibubu na wife amesalimu amri. Kadi nimeipima na rula kabla sijalipa maana kesi yangu ndogo, imeingia.

Bingwa wa Kiti cha Nyuma

Hongera dogo. Sinza usiende tena lakini.

Kijana wa Tegeta

Wiki mbili zimepita narudi na mrejesho. Picha ni kali, Red Dead kwenye 1440p naona mpaka matope yamekauka kwenye buti, Cyberpunk na FSR (ndugu ya DLSS kwa kadi za AMD kama yangu) inaenda vizuri bila ray tracing, ule mwanga wa kuigiza uhalisia. Chandarua imeondoka. Ila mzee nikuambie ukweli, huo utelezi wa 180Hz uliokuwa unausifia mbona siuoni, mi naona mwendo ni ule ule wa zamani, labda macho yangu ndio yamezeeka, au nimepigwa monita?

MzeeWaFreimu

Umechomeka waya gani?

Kijana wa Tegeta

HDMI. Ile niliyokuwa naitumia kwenye king'amuzi, maana ndio ndefu.

MzeeWaFreimu

Ya king'amuzi!!! Dogo wiki mbili unaendesha Ferrari kwa gia ya kwanza. Kwenye boksi la monita chini kabisa ya maboya meupe kuna waya wa DisplayPort, utoe. Uchomeke kwenye kadi, sio kule juu kwenye mazabodi. Halafu ingia setingi za Windows, sistimu, disple, shuka mpaka disple advansi, angalia hapo imeandikwa Hz ngapi. Windows mara nyingi inakuwekea 60 inanyamaza, haikuambii kitu.

Kijana wa Tegeta

Imeandikwa 60.

Mama Pacha

Hahahaha mdogo wangu jamani.

Kijana wa Tegeta

Waya nimeupata, ulikuwa bado na kile kimfuko chake. Nimeweka 180, nimezungusha mshale tu kwenye deski topu nimekaa kimya dakika nzima. Wife amepita nyuma akauliza "hiyo ni mpya tena?" Nimeshindwa kujibu. Usiku huu madogo wa Valorant watanitambua.

Kibuyu cha Asali

Karanga zimeisha wakuu. Na mimi nimeenda kuangalia ya kwangu. 60.

Fundi Waya

Una muda gani na hiyo monita?

Kibuyu cha Asali

Mwaka wa tatu.